Wasomaji Kumi na Wanne wa Nyumba Yetu

4 Februari

Gundi wangu,

Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini kila neno nimelisoma, na mengine nimewasomea watu. Nimemsomea muuza dawa wa pale kona. Nikamwambia, wewe unatibu vikohozi, mwanangu anatibu vitabu. Akauliza, kwani vitabu vinaumwa? Nikamwambia, sogea nikueleze. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Mama, tunaoumwa ni sisi." Nikamjibu na yeye asubiri, elimu ya bure hiyo.

Eti wamekupa kitabu cha miaka mia nne ukishone upya! Mia nne, na wenye kitabu wamesimama nyuma ya kioo wanakuangalia! Mimi wa darasa la nne nimezaa mtu anayekabidhiwa vitu ambavyo wenyewe wanaogopa hata kuvipumulia. Nimeurudia ukurasa huo mpaka karatasi imelainika.

Haya, umeuliza habari za vitabu. Vyote mia tatu na kumi na viwili vipo. Kabati la babu mkuu, lile la nakala alizoandika kwa mkono wake mwenyewe, nimelifungua Jumatatu hewa ipite, nikalifunga. Vumbi natoa kwa brashi uliyonitumia, kutoka mgongo kwenda nje, kama ulivyosema. Kipimo cha unyevu kinasoma sitini na moja. Nondo hakuna. Kitabu cha nyota uzi umelegea, nimekifunga kwa utepe wa pamba. Sikutia gundi, usianze kunipigia kelele.

Wageni ndio usiseme. Nyumba haina nafasi ya kupumua. Huyu anarudisha, yule anaazima. Baba yako angekuwa hai angelalamika hapati pa kunyoosha miguu.

Simu uliyosema utaninunulia acha. Simu ni ya misiba na watu waliokosea namba. Wewe niandikie.

Mama yako


25 Februari

Mama,

Nimefurahi kuhusu nondo. Unyevu wa sitini na moja ni mwingi kidogo. Tafadhali sogeza kabati la babu mkuu mbali na ukuta wa bafu, upana wa kiganja tu unatosha.

Kuna jambo la kuamua. Ofisi ya kumbukumbu imeanza kuorodhesha maktaba za zamani za familia, na wameniandikia kama mrithi. Wana sababu. Unaikumbuka nyumba ya mlango wa buluu? Ndugu watano waligawana vitabu kama walivyogawana vyombo. Kitabu kimoja kilikuwa na juzuu tano, kila mmoja akachukua yake. Leo zipo katika miji mitano na hakuna anayeweza kukisoma toka mwanzo hadi mwisho. Familia ya hakimu walitoa vyao vyote kwa chuo. Mjukuu alipokwenda kuuona mwandiko wa babu yake akaambiwa alete barua ya utambulisho. Na kwa yule bibi mwenye duka, unajua mwenyewe kurasa zilifungia nini.

Sasa ofisi ina njia mbili. Maktaba ambayo bado inasomwa inabaki nyumbani, na wao wanatengeneza paa na makabati. Isiyosomwa inahamishiwa kwenye ghala lao kuu, ambako ni safi, pakavu na mbali. Kipimo chao ni daftari la wasomaji wa mwaka uliopita. Wanataka wasomaji wasiopungua kumi, na baadaye afisa atakuja kukagua.

Najua vitabu vikiondoka utakufa, Mama. Kwa hiyo tufanye hili vizuri. Je, unaweka daftari? Nitumie, nilitie sahihi na kulipeleka. Mwisho ni tarehe thelathini Juni.

Natumaini wewe hujambo.

Mwanao


16 Machi

Gundi wangu,

Kumi? Hao watu wa ofisini wana utani! Kumi ni wasomaji wa wiki moja hapa kwetu, tena wiki ya mvua.

Waandikie kwanza kanuni ya nyumba yetu, maana naona hawaijui. Kwetu kitabu hakirudishwi kwa kuwekwa mezani ukaondoka. Ukirudisha, unakaa kwenye benchi, unamsimulia mtunzaji ulichosoma. Usiposimulia hupewi kingine. Babu mkuu aliiweka hiyo, babu yako akaishika, baba yako akaishika, na alipotutoka nimeishika mimi.

Nilipoletwa humu bibi arusi, maandishi yale ya zamani sikuyajua, na hata leo siyajui. Naona mistari mizuri tu. Babu yako akaniambia, "Binti, chukua cherehani yako ukae karibu na benchi." Nikakaa. Nikashona nguo za nyumba nzima huku nikisikiliza vitabu. Kitabu cha nyota, kile kinachotabiri mvua, nimesimuliwa mara saba na watu saba, na kila mmoja alikuwa na mvua zake. Kitabu cha mirathi kila aliyekirudisha alikirudisha amenuna, maana alikuwa anatafuta shamba lake humo na hakulikuta. Yule wa kitabu cha safari alisimulia mpaka chai ikapoa mara mbili. Weee, kulikuwa na kelele humu!

Namaanisha, kuna kelele. Jana tu.

Daftari lipo. Nalipanga vizuri, mwandiko wa wasomaji wengine si wa kutazamwa na serikali. Kabati nimelisogeza. Unyevu hamsini na nane.

Mama yako


6 Aprili

Mama,

Hamsini na nane ni vizuri sana, endelea hivyo hivyo.

Nitumie daftari kama lilivyo, usilinakili wala kulisafisha. Mwandiko mbaya ndio ushahidi mzuri. Hapa karakana tuna kazi nyingi, nitakuandikia kirefu baadaye.

Kitabu cha nyota usikifungue tena mpaka nije nikishone mwenyewe. Pengine mwakani.

Mwanao


24 Aprili

Gundi wangu,

Daftari hilo hapo. Nimelifunga kwa kitambaa cha shuka lako la utotoni lisichubuke njiani. Wasomaji kumi na wanne, kila mmoja na kitabu chake, tarehe yake na alichosimulia. Hebu wasome hao maofisa, waone watu wetu walivyo na akili.

Msome fundi cherehani wa nyuma ya soko. Kitabu cha safari. *Amesema msafiri huyu alizunguka nchi tisa na katika zote alilalamikia viatu. Amesema yeye angemshonea hata vya kitambaa anyamaze.*

Msome mkunga. Kitabu cha majani. *Amesema dawa ya ukurasa wa arobaini aliijaribu kwa mumewe kwanza, na mume bado yupo, kwa hiyo ni salama.*

Msome mwalimu wa hesabu. Kitabu cha mirathi. *Amesema mwandishi amekosea fungu la dada watatu, na amelirekebisha kwa penseli, na anaomba radhi kwa penseli.*

Na mtengeneza saa, na mpiga pasi, na yule mpole aliyekuwa karani wa posta. Kumi na wanne. Watu wa ofisi wakisoma hapo watatengeneza paa wakiimba.

Nimemwambia jirani wa juu kwamba mwanangu ataiandikia serikali na serikali itakuja hapa kwa gari. Akasema, "Haya mama." Hana furaha mtu huyo, tangu zamani.

Unyevu hamsini na tisa. Umesema pengine mwakani. Mwezi gani wa mwakani?

Mama yako


15 Mei

Mama,

Nimekaa na daftari siku nne kabla ya kuandika.

Kazi yangu ni kutazama karatasi. Niliona wino kuwa ni mmoja toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, Juni na Desemba sawasawa. Niliona mikono kumi na minne ikivuta mkia wa herufi kushoto, kama unavyouvuta wewe. Nikasema labda wamekusomea wewe ukaandika. Nilitaka iwe hivyo.

Halafu nikafika kwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenishonea kaptula ya shule. Nikatoa barua zako zote kwenye sanduku, za miaka kumi na moja, nikazipanga mezani kwa tarehe. Fundi cherehani uliniandikia mazishi yake mwaka wa tatu wa mimi kuwa huku, katikati ya habari za paa kuvuja. Mkunga, mwaka wa tano. Mwalimu wa hesabu, mwaka huohuo, mstari mmoja. Karani wa posta ulisema watu walikuwa wachache kwa sababu ya mvua. Kati ya hao kumi na wanne, kumi na mmoja nimewakuta wamezikwa ndani ya barua zako, na hao watatu waliobaki naogopa kukuuliza.

Mama, ningelitia sahihi hili. Jina la karakana yangu lingekuwa chini ya daftari la marehemu. Mtu akiyajua haya, hakuna atakayeniachia kitabu mikononi tena. Kwa nini hukuniambia?

Najua jibu. Huwezi kuishi bila vitabu hivyo. Basi sikiliza. Nitaomba ofisi waongeze muda. Nitawaandikia binamu, hata wa mbali, waje kumi, wakae kwenye benchi, wasome chochote. Vitabu havitaondoka, nakuahidi.

Lakini niambie ukweli. Sasa hivi anakuja nani?

Mwanao


20 Juni

Mama,

Sijapata jibu. Nimeandikia ofisi mara mbili, hawajibu nao. Binamu mmoja amekubali, wengine wanasema wana shughuli.

Kama nilikuudhi kwa maneno ya sahihi, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja. Unyevu ukoje wakati huu wa mvua?

Mwanao


9 Julai

Gundi wangu,

Siku tatu nilikasirika. Wiki mbili niliona haya. Baada ya hapo nilikuwa na mgeni, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuandika. Mgeni wa kweli, usinitolee macho.

Afisa amekuja. Hakungoja barua zako. Mwanamke mrefu, viatu vya raba, mkoba umejaa vipimo. Nikamkalisha kwenye benchi na kitu cha kwanza nikamwambia mwanangu anatibu vitabu vya miaka mia nne. Akaandika, nilimwona. Halafu akauliza, "Mama, msomaji wa mwisho alikuja lini?" Nikafungua mdomo nimtajie kumi na wanne. Nikasikia mwenyewe nasema, miaka minne na miezi miwili, hakuna. Wa mwisho alikuwa mtengeneza saa. Alirudisha kitabu cha mashairi, akasimulia nusu, akasema nusu nyingine atakuja kuimaliza Alhamisi.

Hao wengine wawili uliokuwa unaogopa kuwaulizia, ndiyo, na wao.

Lakini nataka ujue jambo moja, maana umeniuma pale uliposema daftari la marehemu. Sikuwatunga. Kila neno walilisema wao, wamekaa pale, na mimi nikiwa na sindano mkononi. Nilichobadilisha ni mwaka tu. Nilivyoona mimi, mtu aliyesoma kitabu ni msomaji, haachi kuwa msomaji kwa sababu hawezi kuja Jumanne. Kumbe serikali ina hesabu nyingine. Sahihi yako sikuifikiria. Hilo ndilo kosa langu, na naomba radhi.

Afisa akatoa kitabu cha nyota, akanishikia, akaniuliza kama najua kina nini. Nikamwambia siwezi kukisoma lakini aulize anachotaka. Akasema, "Basi nisimulie." Mwanangu! Nilianza saa tatu asubuhi. Nikamsimulia kama alivyosimulia mwalimu, kisha kama alivyosimulia mkunga, wanavyopishana kwenye mwezi wa tano. Akaomba ruhusa arekodi. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, siku sita mfululizo. Vitabu arobaini na vitatu kutoka kichwani kwa mtu wa darasa la nne! Anasema vitano kati ya hivyo nakala nyingine hazijulikani zilipo. Siku ya mwisho akafunga mkoba akasema, "Mama, nimeandika kwamba maktaba hii ina msomaji. Vitabu vinaweza kubaki. Paa watakuja kulitengeneza."

Nikamwambia, vichukueni.

Kaa chini kama umesimama. Vimekwenda. Masanduku kumi na tisa, magari mawili. Fomu ilitaka sahihi ya mrithi au ya mtunzaji. Nikatia yangu, mkia kushoto.

Usiseme nimechanganyikiwa. Uliponiandikia umepanga barua zangu mezani, na mimi nikapanga zako. Ninazo sabini na nne, kwenye bati la biskuti. Nikazisoma zote mfululizo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Sabini na moja zinaulizia unyevu. Kitabu cha nyota umekitaja mara thelathini. Mimi umenitumainia kuwa sijambo, mwishoni, pale karatasi inapoisha. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Kila ulipouliza kabati nilikujibu kabati, kwa sababu niliogopa nikikuandikia habari zangu utakosa la kuuliza, barua zitapungua. Kipimo chako kilikufa mwaka juzi, nilikiangusha. Zile namba nilikuwa nakisia. Nilijua ukipata namba utajibu.

Wewe ulidhani siwezi kuishi bila vitabu. Mimi nilidhani wewe ndiye huwezi, na kwamba siku vikiondoka huna tena la kukuleta nyumbani. Tumevilinda miaka kumi na moja, kila mtu akimlindia mwenzake. Babu mkuu atanisamehe. Na kule ghalani ni pakavu kweli, nimemuuliza afisa mara tano, na watu wanaingia kusoma bila barua ya utambulisho, hilo nimelitia kwenye masharti kabla sijashika kalamu. Nimewaambia pia waweke benchi. Wakacheka. Sikucheka mimi, wakaliandika.

Sasa ukweli ulioutaka. Hakuna anayekuja. Muuza dawa naongea naye kwa sababu naenda kwake kila wiki, goti langu halikunjiki tangu mwaka juzi, naliongezea dawa na yeye ananiongezea mazungumzo. Jirani wa juu ndiye anayenipandishia maji. Ana furaha yake, nilimsingizia. Chumba kile sasa kitupu, nikikohoa kinaniitikia. Nimekaa humo leo na kiti kuandika barua hii, na nimeona kuna mwanga mwingi kuliko nilivyojua. Makabati yalikuwa yanauziba.

Wiki ya tatu sasa vitabu havipo, na sijafa, kama unavyoona. Jana nilikula vizuri.

Haya. Sasa niandikie, tuone utaniandikia nini.

Mama yako


30 Julai

Mama,

Nilikasirika. Nilitaka kukwambia hukuwa na haki, kwamba watunzaji wanne wamepita na wa tano nilikuwa mimi. Barua hiyo niliiandika. Nimeichana.

Nikaanza nyingine, bila kutaja kitabu chochote. Nikakaa hapa na kalamu kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Kitabu cha nyota naweza kukuandikia kurasa kumi juu yake, uzi wake, wino wake, tundu la mdudu kwenye jalada la nyuma. Nikasema basi niandike ninayoyajua juu ya mama yangu. Yaliisha kabla ya nusu ukurasa. Sijui unaamka saa ngapi. Sijui unashona nini siku hizi, au kama bado unashona. Sijui nani alikushika mkono kwenye mazishi ya hao kumi na wanne, maana nadhani yote ulikwenda, na yote ulikwenda peke yako.

Nimeomba likizo. Hawajanijibu, kwa hiyo sikuahidi, nimekuahidi mara nyingi mno.

Naanza na moja. Goti gani, la kulia au la kushoto?

Mwanao